Safari yetu ya Berlin: tulienda kuona geti na ukuta, tukaikuta Lindi

BintiMbwemkuru (#1)

Wakuu habari za humu. Wakubwa wote shikamooni.

Nasoma shahada ya uzamili Leipzig, huu ni mwaka wa kwanza. Mwezi Juni, mapumziko ya Pentekoste, tulitoka wanne kwenda kutembea Berlin siku tatu: mimi, dada mmoja wa Mombasa ninayekaa naye hosteli moja, kaka Mkongo wa Bukavu anayesomea uhandisi, na Mjerumani tunayesoma naye ambaye anajifunza Kiswahili kwa bidii ya kweli. Watu kadhaa waliniomba humu nikirudi nilete mrejesho na gharama. Nauleta, lakini nawaomba msome hadi mwisho, maana kuna jambo nimerudi nalo ambalo halijanitoka mpaka leo.

Nianze na pesa, wengi ndicho mnachosubiri. Nauli hatukulipa, tiketi yetu ya wanafunzi inapanda treni zote za mikoa nchi nzima, hata treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya Berlin. Haipandi zile za mwendo kasi, kwa hiyo tulibadilisha Wittenberg na safari ikawa ndefu kidogo. Tulilala hosteli chumba cha vitanda vinane, mashuka unapewa, kufuli ya kabati unakuja nayo mwenyewe. Kula tulikula mikate yenye nyama ya kukata ya Waturuki, imejaa kila kona ya mji na ukila mmoja mchana unafika nao jioni. Chai tulichemsha wenyewe hosteli. Dada wa Mombasa alibeba tangawizi yake.

Siku ya kwanza tulienda kwenye yale yanayoonekana kwenye kalenda. Geti la Brandenburg lilimalizwa mwaka 1791. Juu kuna gari la farasi wanne, ambalo Napoleon alilichukua mwaka 1806 akalipeleka Paris, na likarudishwa mwaka 1814. Mjerumani wetu alivyotueleza hivyo, Mkongo akasema polepole, "Kwa hiyo vitu hurudi." Wakati huo tulipita tu. Nitayarudia maneno hayo.

Jengo la Bunge, Reichstag, kupanda kwenye kuba la kioo ni bure, ila lazima ujiandikishe mtandaoni mapema na siku ya kwenda ubebe pasipoti. Jina ulilojaza lifanane na la kwenye pasipoti. Dada wa Mombasa alitushughulikia wote wiki mbili kabla. Ndani ya kuba kuna njia mbili zinazozunguka, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka, na ukitazama chini unauona ukumbi wenyewe wa wabunge. Nendeni jua linapokaribia kuzama.

Karibu na hapo kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, nguzo za zege zaidi ya 2,700 za urefu tofauti. Ukiwa pembeni zinakufika magotini, ukiingia katikati zinakuzidi kimo na sauti za barabarani zinapungua. Wapo vijana waliokuwa wanaruka juu yake wakipiga picha. Jamani, mkienda msifanye hivyo. Pale ni kama makaburini.

Kutoka hapo tulitembea kidogo tu kwenye mtaa unaoitwa Wilhelmstraße. Sehemu hii haimo kwenye kalenda. Ilikuwepo ikulu ya Bismarck, na humo ndimo walimokutana wajumbe wa nchi 14 kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 kuweka taratibu za kuigawa Afrika. Mwafrika hakualikwa hata mmoja. Jengo halipo tena, leo kuna maghorofa ya kawaida ya kukaa watu, na bango la kumbukumbu kando ya njia. Juu kwenye baraza mtu ameanika taulo. Tulisimama pale wanne, Mtanzania, Mkenya, Mkongo na Mjerumani, hakuna aliyesema neno kwa muda. Mkutano ulifungwa tarehe 26, na kesho yake, tarehe 27 Februari 1885, Carl Peters, Mjerumani msaka makoloni, akapewa barua ya ulinzi ya Kaisari kwa ile mikataba aliyokwenda kuwatilisha sahihi watemi na wazee wa Usagara na Ukami. Siku moja tu!

Nakula kwanza, narudi na siku ya pili.

Dereva wa Masasi (#2)

Uzi umeanza vizuri dada. Nimeweka kambi. Picha tafadhali.

KijanaLikoni (#3)

Salamu kwa huyo dada wa Mombasa, safari bila tangawizi si safari. Endelea, tuko hapa.

BintiMbwemkuru (#4)

Narudi. Siku ya pili.

Asubuhi tulishukia Rosenthaler Platz, tukaenda Brunnenstraße namba 193. Mjerumani wetu ndiye aliyetupeleka, alisema, "Ninyi wasemaji wa Kiswahili, hapa lazima mfike." Tukatafuta chini kwenye lami ya wapita njia. Kuna kijiwe kimevikwa shaba, sentimita 10 kwa 10, kimepigiliwa sawa na mawe mengine ya barabara. Mtu anapita na baiskeli bila kukiona. Kimeandikwa jina: Mahjub bin Adam Mohamed.

Kwa wasiomjua. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta mtoto, na yeye na baba yake wakaingia kwenye jeshi la Wajerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin, na pamoja na mengine akadai mshahara wa jeshi, wake na wa baba yake, ambao haukuwahi kulipwa. Walimkatalia. Akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akaigiza kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu hapo hapo Berlin. Alimwoa Mjerumani. Mwaka 1941 alikamatwa na utawala wa Hitler kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka huo huo aliokamatwa ndipo ilipotoka filamu ya kumtukuza Carl Peters, na yeye alikuwa ameigiza humo.

Kile kijiwe kilikuwa kimefifia, shaba imekuwa kahawia. Dada wa Mombasa akachuchumaa, akatoa leso yake mfukoni, akamimina maji kidogo ya chupa akaanza kusugua. Alisugua kama dakika kumi, herufi moja moja, hadi pembe nne zikang'aa. Kisha akasoma Fatiha. Sisi wengine tukasimama kimya mpaka akamaliza. Mama mmoja wa makamo alisimama na mfuko wake wa sokoni, akamuuliza Mjerumani wetu ni nani huyu. Alikuwa anaishi mtaa huo.

Nilikuwa sijui kwamba mwalimu wa lugha yangu alikufa namna hiyo. Nimesoma Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, sijawahi kutajiwa jina lake.

Mtafsiri (#5)

Ahsante kwa kumtaja. Na hakuwa wa kwanza kufundisha Kiswahili Berlin. Kabla yake alikuwepo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alifika mwaka 1900 kufundisha kwenye seminari ya lugha za Mashariki. Ndiye nyuma ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 na Carl Velten. Naye alioa huko, na alifia Berlin mwaka 1927. Sisi wa fani hii tunakitumia kitabu hicho kila siku na wengi tunamtaja Velten tu. Si haki.

BintiMbwemkuru (#6)

Mtafsiri umenifungua macho, ahsante sana.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nianzishe uzi. Kutoka Brunnenstraße tulipanda tramu hadi makumbusho ya viumbe na maumbile, Museum für Naturkunde. Jumatatu wanafunga, msije mkaenda mkarudi. Wenye kitambulisho cha mwanafunzi tunapunguziwa.

Unaingia mlangoni, unakatiwa tiketi, unapiga hatua chache, na hapo hapo yuko mbele yako. Mjusi wa Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi. Kimo chake mita 13.27, ndiye dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa kwenye jumba la makumbusho duniani. Kwetu Lindi tunamwita mjusi tu, na ukiwa mtoto unadhani ni mjusi wa kweli mkubwa kiasi. Nilisimama chini ya kifua chake. Goti lake la mbele liko juu ya kichwa changu. Mifupa ina rangi ya kahawia ya udongo, na kwenye paja nikaona nyufa zimezibwa kwa kitu cheupe, kama mtu alivyoziba nyufa za mtungi. Wenzake wamepangwa kuzunguka, wengi wao wa kwetu: mwenye miiba mgongoni, mwenye shingo fupi, mdogo wa kukimbia. Ukumbi mzima ule, karibu wote, ni Tendaguru. Watoto wa shule wa Kijerumani walikuwa wamekaa sakafuni wanamchora.

Nieleze kwa nini nililia, na nililia kweli.

Bibi yangu mzaa mama ni wa kijiji kimoja upande wa mto Mbwemkuru. Tukiwa wadogo alitusimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa "mawe ya Wajerumani." Alikuwa na kovu begani, na alisema ni la mti wa kubebea. Sisi tuliona ni hadithi za jioni. Nikiwa pale nikahesabu miaka. Uchimbaji ulianza 1909 ukaisha 1913. Vita vya Majimaji viliisha 1907. Miaka miwili tu imepita tangu wakoloni wachome mashamba na maghala ya kusini, watu wamekufa kwa njaa kuliko kwa risasi, makadirio yanafika hata watu 300,000, na waliobaki ndio wanapewa jembe wachimbe mifupa! Kwenye kilele cha kazi walikuwa karibu 500. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, kiasi cha kilomita 60 hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Wajerumani waliongoza kazi, Janensch na Hennig, majina yao yameingia kwenye vitabu vya sayansi.

Mkongo wetu alisoma maandishi yote ya ukumbini, akarudi mara ya pili, akauliza kwa sauti, "Ni banani balibeba hii mifupa yote? Majina yabo iko wapi?" Hilo ndilo swali langu. Mifupa ilifungwa kwenye mapipa ya mianzi iliyokatwa huko huko kwetu, na baadhi ya mapipa hayo wanayo mpaka leo hayajafunguliwa. Mianzi ile mtu aliipasua kwa panga, akaisuka. Mkono wa mtu. Inawezekana kabisa ni mkono wa babu yake bibi.

Mzee wa Pangani (#7)

Mjukuu wangu, marahaba. Nimesoma taratibu.

Wewe umelia kwa mifupa, na una haki. Sisi wa Pangani tunayo yetu. Abushiri alinyongwa hapa tarehe 15 Desemba 1889, na aliyeivunja nguvu yake ni Hermann von Wissmann. Sanamu ya huyo Wissmann iliwahi kusimamishwa Dar es Salaam. Pale ilipokuwa ndipo ilipo leo Sanamu ya Askari. Je, huko Berlin bado wana mtaa wa jina lake?

BintiMbwemkuru (#8)

Shikamoo babu. Swali lako limenifurahisha, maana siku ya tatu tulikwenda.

Upo mtaa Neukölln, karibu na Hermannplatz, ulikuwa Wissmannstraße. Mwaka 2021 jina lake lilitolewa. Leo unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu, mwanamke wa kwanza kuingia serikalini Tanzania kama naibu waziri! Tulipiga picha na kibao. Mtaa wenyewe ni mfupi, una miti na baiskeli zimefungwa kwenye vyuma. Mzee mmoja alikuwa anamwagilia maua, akatuuliza tunatoka wapi, nikamwambia nchi moja na Lucy Lameck. Akanishika mkono.

Na jioni ya siku ya pili, baada ya makumbusho, tulipanda treni ya chini ya ardhi ya U6 moja kwa moja hadi kituo cha Afrikanische Straße. Mitaa ya huko Wedding, sehemu mojawapo ya Berlin, ina majina ya kwetu: Sansibarstraße, Kongostraße, Ugandastraße, Togostraße. Usidhani walitupa heshima, waliyaweka kwa kujivunia makoloni. Ilikuwepo pia Petersallee, barabara ya Carl Peters mwenyewe, jina ililopewa mwaka 1939. Watu wa Berlin, Waafrika wakiwa mbele, walipigania jina libadilishwe miaka na miaka. Agosti 2024 likabadilishwa. Nusu ya barabara imepewa jina la Anna Mungunda, mwanamke Mherero aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na nusu nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee.

Babu, nilisimama chini ya kibao hicho nikakisoma kwa sauti. Majimaji. Kwa herufi zao, kwenye mji wao mkuu.

Mzee wa Pangani (#9)

Alhamdulillah. Umenipa habari nzuri. Nitamsomea mke wangu.

KiboMawenzi (#10)

Mimi ni wa Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wetu, alinyongwa kwetu tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umekitafuta kichwa chake miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vya mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa Afrika Mashariki vimelingana na watu walio hai Tanzania. Ndugu zangu, kibao cha mtaa ni kizuri, lakini kuna familia hazijazika. Nawaomba uzi huu usiishie kwenye mjusi.

BintiMbwemkuru (#11)

Pole sana, mkuu. Nakubaliana nawe kabisa, na mtu akisema mjusi na fuvu la babu wa mtu ni jambo moja nitampinga. Fuvu la mtu halina mjadala. Lirudi, lizikwe.

Dereva wa Masasi (#12)

Haya na mjusi je? Wabunge wa kusini wameuliza bungeni mara kadhaa arudi, jibu ni lile lile: gharama, hatuna jengo, hatuna wataalamu. Dada umemwona kwa macho. Arudi au abaki?

Mtafsiri (#13)

Mimi kwa upande wangu naona abaki, ila walipe. Pale anaonwa na dunia nzima. Tujengewe makumbusho Lindi, wanafunzi wetu wasomeshwe paleontolojia, tiketi wagawane nasi.

BintiMbwemkuru (#14)

Nilitoka Leipzig bila msimamo, nimerudi nao. Arudi.

Sijasema kesho. Nimemwona alivyo, mifupa ile ni mizito na baadhi ya pingili za uti wa mgongo alizosimamishwa nazo ni za bandia kwa sababu za asili ni nzito mno. Kumvunja na kumsafirisha ni kazi ya miaka. Lakini yale maneno ya Mkongo pale getini yananirudia. Wajerumani walidai farasi wao kutoka Paris wakawapata baada ya miaka 8. Hakuna aliyewaambia, acheni wabaki Paris wanaonwa na watu wengi zaidi. Kwa nini sisi ndio tuambiwe hivyo?

Mtafsiri, hoja yako ya kusomesha vijana naiunga mkono, na isingoje mjusi arudi. Lakini mtoto wa Lindi ana haki ya kukaa sakafuni na kalamu kama wale niliowaona, amchore mjusi wake kwao. Leo akitaka kumwona anahitaji viza.

KijanaLikoni (#15)

Hapo kwenye viza umemaliza. Na ukuta? Ulisema mlienda kuona ukuta.

BintiMbwemkuru (#16)

Tuliuona, kaka. Bernauer Straße wameacha kipande kama kilivyokuwa, na East Side Gallery ni zaidi ya kilomita moja ya michoro. Ulijengwa Agosti 1961, ukaanguka 9 Novemba 1989. Mjerumani wetu mama yake alikulia upande wa mashariki, alitueleza mengi, ila hayo ni ya familia yake, siwezi kuyaweka humu. Mnara wa televisheni, mita 368, tuliuangalia tukiwa chini, foleni ilikuwa ndefu.

Dereva wa Masasi (#17)

Bibi umemwambia?

BintiMbwemkuru (#18)

Nilimpigia Jumapili, simu ya mjomba, kwa video. Nikamwonyesha picha. Macho yake hayaoni vizuri, akaisogeza simu mpaka karibu na uso, akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Hao watu wa huko, wanamlaza wapi?" Nikamwambia halali bibi, wamemsimamisha, ana nyumba yake kubwa, ina paa la kioo. Akaniuliza wanalipisha kumwona. Nikasema ndiyo. Akataka kujua shilingi ngapi, nikapiga hesabu, nikamtajia.

Akasema, "Babu alilipwa kwa mzigo. Alikuwa akitutajia bei yake." Nikamuuliza ilikuwa ngapi. Alikuwa ameisahau, akasema ataikumbuka, niache kwanza amuulize dada yake aliyeko Kilwa.

Dereva wa Masasi (#19)

Mimi natoka Masasi kwenda Kilwa kila Alhamisi. Kama huyo bibi wa Kilwa hana simu, nipe kijiji inbox, nitapita mwenyewe nimuulize.

BintiMbwemkuru (#20)

Mungu akubariki kaka. Nimekutumia.